Harusi yangu ni shambani: nifanyeje ipendeze bila kuwa maigizo?

"Tunafunga ndoa miezi sita ijayo kwenye shamba la mjomba wangu. Kuna uwanja wa nyasi, mti mmoja mkubwa, na ghala la mawe la zamani ambalo halitumiki tena. Wageni watakuwa kama 120. Ibada itakuwa alasiri chini ya mti, kisha chakula cha jioni nje mpaka usiku. Nina picha zaidi ya 300 kwenye simu: vitambaa vya gunia, chupa za jamu zenye maua, marobota ya nyasi kavu ya kukalia, taa za kuning'iniza. Rangi zangu ni nyeupe na damu ya mzee. Gauni nimeshanunua, ni la lesi na mkia wake ni mita mbili. Mama mkwe wangu mtarajiwa anasema harusi ya shambani itaonekana ya watu waliokosa ukumbi. Kadiri ninavyotazama picha ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Nianzie wapi ili ipendeze, iwe na mahaba, na isionekane kama maigizo?"

Dada yangu, hongera sana. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ndani yake naona hofu mbili zinazovutana. Moja ni ya mama mkwe: kwamba shamba litaonyesha unyonge. Nyingine ni yako mwenyewe: kwamba ukilipamba sana litaonekana maigizo. Ukitibu ya kwanza kwa kurundika vitu, unaichochea ya pili. Ndiyo maana picha 300 hazikusaidii; nusu zinakuvuta huku, nusu kule.

Tuanze na hizo picha. Fungua yoyote uipendayo uitazame kwa jicho la mpambaji. Utaona kona ya meza, chupa tatu, pindo la kitambaa, na jua la jioni likipenya kwa nyuma. Upana wa hicho kinachoonekana haufiki hata mita moja na nusu. Mpiga picha alipiga magoti, akasubiri dakika kumi nzuri kuliko zote za siku ile. Mgeni wako hatapiga magoti. Atashuka kwenye gari jua likiwa bado juu, atasimama, na macho yake yatapokea uwanja mzima kwa pamoja: nyasi, mti, anga, safu za viti. Chupa ya jamu ataiona baada ya saa mbili, akishaketi. Kwa hiyo ukianzia kwenye chupa umeanzia mwisho.

Ukumbi ni sanduku tupu, na kazi ya mpambaji ndani yake ni kujaza. Shamba limeshajaa. Lina ukuta wa mawe, mti, mbingu inayobadilika rangi kila robo saa. Kinachokosekana ni mipaka. Mtu aliyesimama kwenye uwanja wazi hajui sherehe inaanzia wapi na kuishia wapi, na hapo ndipo ile hisia ya "wamekosa ukumbi" inapozaliwa. Haitokani na uchache wa maua. Inatokana na viti vilivyotawanyika kwenye nyasi kama vimeshushwa na lori vikasahaulika.

Mipaka mikubwa miwili unayo tayari. Ibada iwe mbele ya mti. Panga viti kwa upinde unaoukumbatia mti badala ya mistari iliyonyooka, acha njia moja katikati yenye upana wa kama mita moja na nusu ili mpite wawili na gauni lako, basi. Usiweke tao la maua mbele yake. Kila mwaka naombwa tao la kuweka mbele ya mti mkubwa, na kila mwaka najibu kwamba ni sawa na kutundika picha ya mlima mbele ya mlima. Kama mkono unakuwasha kupamba, pamba shina: kitambaa kirefu chepesi kimoja, au maua yaliyolundikwa chini kwenye mizizi kana kwamba yameota pale.

Kwa chakula, tumia ukuta wa ghala kama mgongo na upange meza ndefu sambamba nao. Hesabu ni nyepesi. Mtu mmoja anahitaji kama sentimita 60 za meza ili asigonganishe viwiko na jirani. Watu 20 kwa upande mmoja ni mita 12. Pande mbili ni watu 40. Meza tatu za namna hiyo zinameza wageni wako wote 120. Kati ya meza na meza acha mita mbili, maana viti vya pande zote mbili vitasukumwa nyuma na mhudumu atataka kupita na sinia. Meza tatu ndefu kandokando ya ukuta wa mawe zinatengeneza chumba bila kujenga chumba. Meza 15 za duara zenye watu wanane wanane zingeonekana kama uyoga ulioota baada ya mvua. Ubaya wa meza ndefu nisikufiche: mtu huzungumza na wanne au watano waliomzunguka tu, kwa hiyo mpango wa nani akae wapi unakuwa kazi nzito zaidi.

Sasa gunia, chupa na marobota. Gunia linaponza kwa sababu linatangaza "tuko shambani" kwa watu ambao tayari wanaona wako shambani. Umaridadi wa mashambani hutoka kwenye mgongano: kitu kimoja kikali, kilichobaki laini. Mbao za meza zikiachwa wazi ndiyo ukali wako. Juu yake weka leso za kitani, glasi nyembamba, vijiko na uma vinavyong'aa. Ukuta wa mawe ni ukali mwingine. Mbele yake mishumaa mirefu. Ukiweka gunia juu ya mbao, mbele ya mawe, kando ya nyasi kavu, umeweka ukali juu ya ukali na jicho halina pa kupumzika. Chupa hazina kosa, ila zisiwe 120. Marobota mimi nayakataa kabisa: yanachoma, mabua yake yananasa kwenye lesi, na yakikaribiana na mshumaa ni kuni.

Rangi ndiyo sehemu ninayotaka uniazime masikio vizuri. Damu ya mzee na nyeupe ni chaguo zuri mchana. Miaka mingi nyuma nilipamba chakula cha jioni cha nje kwa waridi za rangi hiyohiyo, nyingi, zilizoiva hasa. Saa kumi jioni kila mtu alikuwa akizipiga picha. Ilipoingia magharibi nilisimama mwisho wa meza na nikaona mashimo meusi. Maua hayakuwa yamenyauka, yalikuwa mazima kabisa, lakini kwa macho ya wageni yalikuwa madoa ya giza juu ya kitambaa cheupe, kana kwamba mtu amemwaga wino. Bibi harusi aliniuliza kwa upole kama kuna maua nimesahau kuyaweka.

Sababu yake imo ndani ya jicho. Tuna aina mbili za chembe za kupokea mwanga. Za kwanza hufanya kazi penye mwanga wa kutosha, na ndizo zinazotuonyesha rangi. Za pili hushika zamu giza linapoanza; ni hodari kwa mwanga hafifu lakini hazitofautishi rangi, na mwanga mwekundu karibu hauziamshi kabisa. Kwa hiyo jioni nyekundu huzama kuwa nyeusi mapema kuliko rangi zote, huku nyeupe na buluu na kijani cha kupauka vikibaki vinaonekana. Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, sehemu ya nchi ya Cheki ya leo, aliliona jambo hili mwaka 1819 kwa kutazama maua mekundu kwenye mwanga hafifu wa alfajiri, na mpaka leo badiliko hilo linaitwa kwa jina lake.

Usiitupe rangi yako. Igawe kwa saa. Damu ya mzee iwe kwenye shada lako la ibada, kwenye tai ya bwana harusi, kwenye shina la mti, yaani vitu vitakavyoonekana kwa jua. Mezani kwa usiku weka maua meupe, ya krimu na ya waridi iliyopauka, pamoja na majani ya kijivukijivu kama ya mikaratusi, ambayo hudaka mwanga wa mshumaa vizuri sana. Kama unataka nyekundu mezani lazima, iweke karibu kabisa na moto au balbu, kiasi cha kufikiwa na mkono. Hapo itawaka kama kaa. Iliyo mbali na taa itapotea.

Na nyeupe nayo ina mambo yake. Nyeupe ya barafu kwenye jua la mchana huumiza macho na kamera hushindwa kuonyesha nakshi zake. Zaidi ya hapo, nyasi hurudisha mwanga wa kijani juu, na utauona kwenye pindo la gauni na chini ya kidevu. Vitambaa utakavyotumia, kama zile leso za mezani, chagua vya krimu au vya kitani ambacho hakijapaushwa. Gauni lako, kama ni jeupe sana, mpiga picha atajua la kufanya ukisimama mbele ya ukuta wa mawe badala ya katikati ya majani.

Kwa mama mkwe nina kisa kidogo cha kumtulizia moyo. Mtindo wa gauni jeupe la harusi ulishika kasi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa kwa gauni jeupe tarehe 10 Februari 1840. Kabla ya hapo wengi waliolewa wakiwa wamevaa nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote. Hariri ya gauni lile ilifumwa Spitalfields, London. Lesi yake, iliyokuwa fahari ya gauni zima, ilitengenezwa kwa mikono na wanawake wa kijiji cha Beer huko Devon. Lesi ya malkia ilitoka kijijini, mama.

Turudi kwenye mwanga, maana mahaba unayoyaona kwenye picha zako kwa sehemu kubwa ni mwanga tu. Jua likiwa chini, miale yake husafiri umbali mrefu zaidi hewani, buluu hutawanyika njiani, na kinachofika usoni mwako ni dhahabu inayotoka ubavuni, isiyotia vivuli chini ya macho. Tafuta saa ya jua kuzama kwa tarehe yako na mahali penu, kisha hesabu kurudi nyuma: ibada imalizike kama saa moja na nusu kabla, ili mpate picha za familia kwanza halafu ninyi wawili mbaki na ile saa ya mwisho. Karibu na ikweta jua hushuka wima na machweo huisha upesi, chini ya nusu saa. Ukienda mbali kaskazini au kusini, hasa majira ya joto, hushuka kwa mshazari na jioni hurefuka. Hakikisha pia wageni hawaketi wakilitazama jua. Nimeona ibada nzuri ambayo picha zote za wageni ni za watu waliokunja uso.

Jua likizama, taa zinashika zamu, na hapa wengi huharibu kwa kununua balbu bila kusoma boksi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini, na cha ajabu ni kwamba namba ikiwa ndogo ndipo mwanga unapokuwa wa njano, wa kama moto. Mshumaa ni kama 1,900. Balbu ya njano ya nyumbani ni kama 2,700. Zile nyeupe kali za LED hufika 6,000 na zaidi, na chini yake ngozi ya mtu huonekana kama ya mgonjwa. Nunua 2,700 au pungufu, na usichanganye aina mbili kwenye uwanja mmoja. Zitundike juu ya meza, mita tatu hivi kutoka ardhini, zikitoka ukuta wa ghala kwenda kwenye nguzo upande wa pili. Mstari huo wa taa ndio dari yako. Nje ya hapo acha giza liwe giza, isipokuwa njia ya kwenda chooni na kwenye magari; hapo weka taa ya kutosha, watu wazima wasije wakaanguka.

Mishumaa ya nje iwe ndani ya mitungi ya kioo inayopita ncha ya moto kwa vidole vinne hivi. Mtungi usiwe mwembamba mno, maana moto hukosa hewa na kuutia kioo masizi. Maua ya mezani yasizidi sentimita 30 kwa urefu, au yainuliwe juu kabisa ya vichwa. Ya kati na kati huziba nyuso.

Kuhusu gauni, lesi na nyasi hazipatani. Mkia wa mita mbili utazoa vijiti, wadudu, na umande jioni ikiingia. Mpelekee fundi wa nguo, umwambie ashone vitanzi na vifungo vidogo nyuma, ili baada ya ibada mkia uinuliwe na kufungwa kiunoni. Afanye hivyo ukiwa umevaa viatu vyenyewe vya siku ile, na pindo la mbele liachwe sentimita mbili tatu juu ya ardhi. Usimruhusu akadirie.

Viatu vyenyewe ni fizikia tupu. Mtu wa kilo 60 akikanyaga kwa kisigino chenye ncha ya sentimita moja ya mraba, uzito wote unaingia pale na nyasi zinafunguka kama siagi. Kisigino cha sentimita tatu kwa tatu kina eneo mara tisa, kwa hiyo mkandamizo ni sehemu moja ya tisa. Waandikie wasimamizi na wageni wa kike kwenye mwaliko, kwa maneno machache, kwamba sherehe ni kwenye nyasi. Watakushukuru. Shela ndefu ya neti ni tanga la jahazi. Fundi anaweza kushona vizito vidogo kwenye pindo lake, au uichague fupi.

Maua huchoka nje kwa sababu jua na upepo hunyonya maji kwenye petali upesi kuliko shina linavyoweza kuyapandisha. Yakatwe alfajiri, majani ya chini yaondolewe, shina likatwe mshazari kwa kisu kikali, kisha yanywe maji ndani ya ndoo kivulini kwa saa kadhaa kabla ya kuguswa tena. Waridi, karnesheni na jipsofila huvumilia. Haidrenjia nakushauri uiache, ni nzuri na ni ya machozi. Ukichuma majani ya porini jihadhari: olianda ina sumu kali, na yale maua madogo meupe ya kengele yanayopendwa kwenye mashada ya maharusi, ya lili ya bondeni, nayo ni sumu. Yasikaribie keki wala sahani.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. La kwanza ni ghala. Ukitaka liwe kimbilio mvua ikinyesha, na lazima uwe na kimbilio, mtu wa ujenzi aingie aone paa, kuta na milango kabla hujaahidi kuwaweka watu 120 ndani. Jengo lisilotumika kwa miaka huficha mengi. Likikataliwa, kodi hema, na wenye hema wenyewe waje wapime ardhi na kuamua vigingi. Usikubali lifungwe na vijana wa kujitolea, upepo hauna undugu. La pili ni umeme: fundi mwenye leseni afunge nyaya za nje pamoja na swichi inayokata umeme unapovuja, na jenereta ikae mbali, mahali upepo unapeleka moshi nje ya watu, kamwe isiwe ndani ya ghala, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, inayoua bila harufu ya kukuonya. La tatu ni mikono. Meza tatu za mita 12, taa, maua na viti vyote havipangwi asubuhi moja na mashangazi wawili. Kama huna watu wanane wa uhakika ambao si wageni wa heshima, mlipe mpambaji hata kwa siku ile tu, na upunguze maua ili umudu.

Kabla hujanunua kitu kingine chochote, nenda shambani jioni moja, saa ileile ya ibada, na umchukue mama mkwe. Bebeni viti viwili, shuka la krimu, ua moja la damu ya mzee na moja jeupe, kamba moja ya taa, na vile viatu. Ketini chini ya mti muone jua linapiga wapi. Tandikeni shuka mbele ya ukuta, wekeni maua juu yake, kisha msiondoke mpaka giza liingie. Na umwachie yeye achague meza kuu ikae wapi.